Stroberi Feki Chini ya Dirisha la Ayeyo

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo siwezi kuisahau hata nikipewa kichwa kipya. Nilitoka nje nikipiga miayo, nikakuta miche yangu yote imerundikwa kwenye kona ya ua pamoja na karatasi za peremende na kinyesi cha kuku, tayari kuchomwa. Na aliyekuwa ameinama na ufagio, akimalizia kusawazisha mahali ilipokuwa bustani yangu mpaka pakang'aa kama kipara, ni yule yule niliyekuwa nimempandia.

Kabla sijaendelea, usinune kwa sababu nimekuita mwanangu. Najua niko kidato cha tatu na ndevu zangu bado zinaomba ruhusa ya kuota. Huenda wewe unayesoma una watoto walionizidi kimo. Lakini mtu aliyepanda kitu mtaani Kiwanjani, hapa Isiolo, kikakaa kijani bila kujali jua wala upepo, huyo amezeeka kwa njia yake. Nivumilie. Nitakuita mwanangu mpaka mwisho, na mwisho nitakubariki, utake usitake.

Ayeyo ndivyo tunavyomwita bibi yetu, mama yake baba, kwa Kisomali. Wazee wa ukoo wetu walikuja hapa wakiwa askari wa wakoloni, wakaachiwa kipande cha vumbi, na tangu siku hiyo kazi yetu kubwa imekuwa kulifagia. Sisemi mzaha. Kila alfajiri, watu wakishaswali, ufagio wa vijiti unaanza kulia. Ua wa mtu mwenye heshima unatakiwa uwe mtupu kabisa, bila jani, wenye mistari ya ufagio iliyonyooka kama nywele zilizochanwa sasa hivi. Nyumba yenye majani mlangoni ni nyumba ya wavivu, au ya marehemu. Hivyo ndivyo Ayeyo alivyolelewa na hivyo ndivyo alivyotulea.

Sasa angalia hesabu hii ya ajabu. Ayeyo ana pumu. Daktari wa kliniki alisema kinachomchokoza ni vumbi. Na vumbi linalomwingia zaidi linatoka chini ya dirisha lake, kwenye kile kiuchochoro kati ya nyumba na ukuta wa jirani. Pale hapaingii jua kutwa nzima, na udongo umefagiwa miaka na miaka mpaka umekuwa laini kama unga wa ngano. Yeye mwenyewe anaamka, analirusha hewani kwa ufagio, halafu anaingia ndani kulikohoa. Mimi niliyaona hayo kila siku na sikuyaona. Ndivyo tulivyo tukishazoea kitu.

Siku niliyoyaona nilikuwa chini ya lori la baba, nikitafuta kifuniko cha mtungi wa oili kilichobingirika. Baba husafirisha mizigo kwenda Moyale. Hakujua kuna mtu kule chini. Akapiga simu kwa Edo, yaani shangazi, dada yake anayekaa Nanyuki.

"Njoo umchukue," akasema. "Kule kuna baridi, kuna nyasi, hakuna hii vumbi. Lakini usimwambie. Akijua mapema atagoma, na unajua mama akigoma."

Nilibaki pale chini nikitazama tumbo la lori kama mtu anayesoma gazeti.

Mwanangu, nikwambie kitu kuhusu Ayeyo. Mimi kwetu ndio mtu wa vichekesho. Watu wanacheka, wanaishiwa, wanarudi kwenye chai yao. Ayeyo hucheka akiwa amechelewa. Wote mkishanyamaza, yeye ndio anaanza, peke yake, mabega yakitikisika, mpaka nyote mnacheka tena kwa sababu yake. Nikawaza nyumba isiyo na kile kicheko cha pili. Hapo hapo, na oili ikinidondokea sikioni, nikaamua haendi popote. Kama shida ni vumbi, nitalifunika.

Kusema ni rahisi. Nilianza kwa kung'oa nyasi kule mtoni nikazipanda kiuchochoroni. Zikanyauka kabla sijamaliza kujisifu. Nyasi za kwetu zinataka jua, na pale hakuna. Nikaenda kwa jirani, Mama Mwenda, mwenyeji wa upande wa Meru. Mumewe anafanya kazi serikalini, na yeye anaongea na mimea kuliko na mumewe.

"Mama Mwenda, kuna nyasi gani inaota kivulini?"

"Unataka nyasi ya nini? Umenunua ng'ombe?"

"Nataka kufunika mchanga."

Akanitazama kama anayetafuta mahali mzaha umejificha. "Kufunika mchanga. Isiolo. Utaanzia hapa ufike Marsabit, ama?"

"Naanzia chini ya dirisha la Ayeyo, na naishia hapo hapo."

Hapo akaacha kucheka. Akanipeleka nyuma ya jikoni lake, penye kivuli cha tangi la maji. Palikuwa na sufuria kuukuu na makopo ya mafuta ya kupikia, na juu yake kimetambaa kitu cha kijani chenye majani matatu matatu, maua madogo ya njano, na vitunda vyekundu vinavyotazama juu kama vinauliza swali. Alikitoa shambani kwa mama yake, chini ya migomba.

"Hii haitaki jua," akasema. "Jua la hapa litaikaanga. Ipe kivuli, ipe maji kidogo kidogo, usiisumbue. Ikishashika, haikauki. Inakaa hivi hivi, kijani, mvua ije isije."

"Na hiyo ni stroberi?"

"Inafanana. Onja."

Nikamwambia aonje yeye kwanza. Akatupa tunda mdomoni, nami nikamwangalia kwa muda kuona kama ataanguka. Hakuanguka. Na wewe mwanangu, usile tunda usilolijua kwa sababu tu ni jekundu; subiri anayelijua ale. Nilipoonja, sikupata utamu wala uchungu. Baadaye nilimpa mwenzangu darasani, Lokwawi, nikamwambia ni stroberi kutoka Ulaya. Akatafuna, akatafakari, akasema, "Hii ni maji imevaa shati nyekundu." Tangu hapo jina lake likawa stroberi feki.

Kuhusu kupanda, sikiliza vizuri, kwa sababu hapa sifanyi mzaha. Kwanza nililegeza ule udongo kwa jembe, maana ulikuwa laini juu na mgumu chini kama biskuti ya zamani. Nikachanganya mbolea ya mbuzi iliyokwisha kupoa. Mbichi inaunguza mizizi. Mmea huu unatoa mikono mirefu inayotambaa, na kila mkono una mafundo. Unachukua mkono, unaulaza, na kila fundo unaliwekea kijiwe ligusane na udongo. Baada ya muda fundo linatoa mizizi, linakuwa mmea wa kujitegemea, nao unanyoosha mikono yake. Ni kama binamu zangu, ukimkaribisha mmoja anakuja na wengine.

Shida ilikuwa maji. Huku kwetu mfereji unatoa maji ukijisikia, na siku nyingine zote tunanunua ya mtungi. Ukimwambia mama yangu unataka mtungi wa kunyweshea majani yasiyolika, atakunyweshea wewe. Nikafikiri: ni maji gani yanamwagika kwetu kila siku, bila sabuni, na hakuna anayeyalilia? Ni ya udhu. Watu wa nyumba nzima wanatawadha kabla ya kila swala, maji yanatoka kwenye birika, yanapita mikononi na miguuni, yanapotelea mchangani. Basi nikahamisha kile kigoda cha kutawadhia nikakiweka kwenye mdomo wa kiuchochoro, nikachimba kamfereji kadogo kutoka miguuni mwa mwenye kutawadha mpaka kwenye miche. Miche yangu ikawa haikosi swala hata moja. Kuhusu mimi mwenyewe, sisemi kitu.

Na nilimwambia nani sababu? Hakuna. Hapo ndipo ujinga ulipokaa. Nyumba nzima ilijua nimewahi kumshawishi mdogo wangu apande chapati iote. Kwa hiyo waliponiona na jembe, walikaa mkao wa kusubiri kichekesho.

"Shuleni mnasoma kilimo ama vituko?" baba aliuliza, akapita na birika lake kwenda kutawadhia upande wa pili, ili asiwe sehemu ya upuuzi wangu.

Nikajiambia nitawaonyesha. Ndipo ikaja ile asubuhi ya ufagio niliyokwambia.

Sikulia. Niliiokota miche ile kwenye takataka, mmoja mmoja, nikaiosha, iliyovunjika nikaipunguza, nikaipanda upya siku hiyo hiyo. Safari hii nilikata matawi ya miiba nikazungushia pande zote, kama wafugaji wa Kipsing wanavyozungushia mbuzi. Nikasema, ufagio uje sasa tuone.

Ufagio ulikuja kesho yake, na mwenye ufagio akanasa mtandio wake kwenye miiba.

"Warya!" Hivyo ndivyo Ayeyo anavyomwita mvulana ambaye maisha yake yako hatarini. "Nani ameleta boma chini ya dirisha langu?"

"Mimi, Ayeyo."

"Mbuzi wako wapi?"

"Hakuna mbuzi. Ni majani."

"Umefungia majani bomani. Yalitaka kutoroka?" Alikuwa anahema. Alinasua mtandio, ukachanika, na hapo macho yake yakabadilika. "Nimefagia ua huu kabla baba yako hajajua kutembea. Mtu akipita aone majani chini ya dirisha langu, atasema nini? Atasema yule mzee amekufa, nyumba wameachiwa nyoka."

Mwanangu, vichekesho vilikuwa vimepanga foleni kwenye ulimi wangu. Nilikuwa na kimoja kizuri sana kuhusu nyoka. Nikavimeza vyote.

"Wanataka kukupeleka Nanyuki," nikasema. "Ukakae kwa Edo. Sababu ni vumbi. Baba na Edo wamepanga. Jana nimemsikia baba kwenye simu, Edo anakuja Jumamosi kukuchukua. Mimi nilitaka kulifunika hilo vumbi ili wasiwe na sababu."

Ayeyo akakaa kwenye kigoda cha udhu. Akakohoa, akapumzika.

"Na mimi ningeambiwa lini? Nikishafika?"

Nikanasua uzi wa mtandio uliobaki kwenye miiba.

Akayatazama yale majani, yaliyokuwa yameinamisha vichwa kwa kupandwa upya. "Kwa hiyo haya ndiyo wakili wangu?"

"Ndiyo, Ayeyo."

"Wakili mwenyewe mfupi hivi?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Alininyooshea kidole, na maneno aliyosema ndiyo hasa yaliyonifanya nikuandikie wewe.

"Wewe mtoto, upuuzi unautangaza mpaka Ngaremara wanausikia. Umepata jambo la kweli moja tu, tena linanihusu mimi, ukalifukia chini ya miiba. Baba yako amenificha kwa sababu anaogopa nitagoma. Wewe umenificha kwa nini? Ungeniambia siku ile ile, ningeng'oa mche wako?"

Niliona haya kuliko siku nilipoitwa mbele ya shule nzima. Nilikuwa nampigania mtu bila kumuuliza kama anataka kupigana. Na yeye, kumbe, ndiye aliyekuwa jeshi kubwa kuliko mimi.

Maana kuanzia hapo alichukua usukani. Miiba itoke, akasema, yeye si mbuzi. Majani yasiguse ukuta, na katikati ibaki njia ya mguu, ili kama kuna nyoka aonekane. Yakipanda juu yakatwe. Halafu akamwita mama na wadogo zangu, akatangaza kwamba pale chini ya dirisha ufagio ni marufuku, na kila mtu atawadhie kwenye kigoda. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nilikuwa nimechimba na kunywesha mwezi mzima bila kupata mfuasi, na Ayeyo alimaliza kabla chai haijachemka.

Jumamosi Edo akafika na gari na blanketi jipya. Alimkuta Ayeyo amekaa sebuleni amevaa vizuri, amekunja mikono.

"Asalaam aleikum, mama. Nimekuja tutembee kidogo Nanyuki."

"Waleikum salaam. Kidogo ya kurudi lini?"

Edo akamtazama baba. Baba akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari, ambayo siku hiyo ilikuwa ya kuvutia sana.

"Mama, ni kifua chako," baba akasema kwa upole. "Mimi nikiwa njiani Moyale, simu ikilia tu, roho inaruka. Siku moja nitapigiwa niambiwe nimechelewa."

Hapo nilimwelewa baba kwa mara ya kwanza. Hakuwa adui. Alikuwa anaogopa, kama mimi, ila uoga wake ulikuwa na lori.

"Kifua changu kina mdomo," Ayeyo akasema. "Kiulize. Najua mnanipenda. Lakini hapa nimezikia mume, hapa najua sauti ya kila mlango. Msinibebe kama gunia. Nipeni mpaka upepo wa mwaka huu uje uishe. Dawa nitatumia, kliniki nitaenda, na huyu mwendawazimu ataendelea na majani yake. Upepo ukiisha na mimi niko vile vile, nitapanda gari mwenyewe, hamtanisukuma."

Baba alilichukua lile blanketi jipya akamrudishia Edo. Kisha akaniambia, "Umesikia? Hii sasa si mchezo."

"Si mchezo, baba," nikasema. Nadhani hilo ndilo jibu langu fupi kuliko yote niliyowahi kumpa.

Unajua upepo wa Isiolo wa katikati ya mwaka? Unapita kama unadaiwa. Unachukua kiwanja cha jirani unakupa wewe, unachukua chako unampa mwingine. Nilikuwa na muda kabla haujaanza, na nilifanya kazi kama punda. Kabla ya shule nalaza mikono na kuweka vijiwe. Baada ya shule nang'oa magugu kwa vidole, maana jembe lingekata mizizi. Kulikuwa na juma ambalo maji yalikosekana kabisa, majani yakaanza kugeuka rangi pembeni. Nikakusanya maji ya kuoshea mchele, maji ya kuoshea mboga, mpaka mama akasema nimekuwa kama mgonjwa anayezurura na kopo. Lokwawi na wenzake walikuja kunicheka, wakaniita Mheshimiwa Waziri wa Majani. Niliwapa vijiwe wanisaidie. Walicheka huku wanafanya kazi, na kazi haikujali.

Taratibu yakashika. Fundo likazaa fundo. Ile njia ya mguu ikaonekana katikati ya kijani. Siku tunda la kwanza lilipoiva, nilimpelekea Ayeyo kwenye kisahani.

Akatafuna. "Haina ladha."

"Ndiyo, Ayeyo."

"Vizuri. Watoto hawataiiba."

Kisha upepo ukaja, na ulikuja kweli. Sitakudanganya kwamba kikohozi kilikwisha. Kulikuwa na siku alikaa amejishika kifua, anavuta ile dawa yake, na mimi nilisimama mlangoni bila kichekesho hata kimoja. Vumbi la mbele ya nyumba liliendelea kuingia, na la barabarani pia. Lakini chini ya dirisha lake hakuna kilichoinuka. Majani yalitikisika, yakalala, yakainuka tena, na udongo ukabaki chini, pale nilipouweka.

Upepo ulipoanza kuchoka, baba alirudi kutoka safari. Hakuingia sebuleni. Alienda moja kwa moja chumbani kwa Ayeyo, akapitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha, akakitazama.

"Vumbi lipo," akasema.

"Lipo," Ayeyo akajibu kutoka kitandani. "Hii ni Isiolo. Lakini nimelala vizuri kuliko mwaka jana, muulize mke wako. Hili lililobaki naliweza. Nanyuki ndiyo siiwezi."

Baba akafungua dirisha, akachungulia chini kwa muda mrefu. Akatoa simu. "Dada," akasema, "mama anabaki. Hapana. Hapana, sijalazimishwa. Njoo uone mwenyewe." Alipokata simu akaniuliza kama kile kitu kinaweza kuota pia upande wa jikoni, penye kivuli. Nikamwambia kinaweza. Akavua viatu vyake vya safari akaniuliza jembe liko wapi.

Sasa nasaha, mwanangu, kwa sababu nilikuahidi. Ukiwa na kivuli nyumbani usikidharau kwa kuwa nyasi zimekataa. Uliza, kuna mmea unaokipenda. Upe udongo uliolegezwa na maji yanayomwagika bure, ulaze fundo lake, kisha acha kuuchokonoachokonoa kila saa. Watu wakikucheka, waache wacheke na mikono yao iwe kazini. Wakikung'olea, panda siku hiyo hiyo, usingoje hasira ipoe, kwa sababu mizizi inapoa kwanza. Na ukiwa mtu wa utani kama mimi, endelea, usiache kamwe. Lakini siku utakapojua jambo la kweli linalomhusu mtu, nenda ukamwambie yeye mwenyewe, usoni, kabla hujamchukulia jembe. Huenda ana nguvu ambazo hujawahi kuziona.

Mungu akupe kivuli na maji ya kukitosha. Akupe mzee wa kukukemea ukiwa bado unasikia. Na unachokipanda kishike, mwanangu, kisambae mpaka pale ulipodhani hapawezi kuota kitu.